Koridora hasafishi tangi, naye anataka kula

Wauzaji wengi wa samaki wa mapambo husema koridora, wale kambale wadogo wa mito ya Amerika Kusini, hula kinyesi cha samaki wenzao, kwa hiyo hawana haja ya kulishwa. Si kweli. Koridora akipekua mchanga kwa sharubu zake anatafuta minyoo, viluwiluwi vya wadudu na makombo ya chakula. Kinyesi anakitibua tu, tena anaongeza chake.

Imani hii imewanyima wengi vifaranga. Jike mwenye njaa hatengenezi mayai. Mpe vidonge vya chakula vinavyozama na minyoo, ikiwezekana jioni taa ikishazimwa, samaki wa juu wasije wakamaliza kila kitu. Baada ya wiki chache mtazame kutoka juu: tumbo litakuwa limetanuka kuliko la dume. Hapo badilisha sehemu ya maji, uweke yenye ubaridi kidogo, kama mvua inavyoupoza mto.

Wakianza kuzaliana, jike hubana mdomo wake ubavuni mwa dume, wakaonekana kama herufi T. Hutoa mayai machache, akayashika kwa mapezi ya tumboni, kisha huogelea hadi kwenye kioo na kuyabandika. Inapendeza mno kutazama! Lakini wazazi haohao huyala, kwa hiyo yabandue taratibu kwa kidole, uyaweke kwenye chombo chenye maji ya tangi lilelile na pampu ya hewa. Kwenye nyuzi 25 hivi za Selsiasi, huanguliwa kwa siku 3 hadi 5.