Je, wajua kwa nini Samatta alipitia Lubumbashi kabla ya kufika Ulaya?

Watu wengi stori ya straika wetu wa Tanzania, Mbwana Samatta, wanaianzia Anfield, Novemba 5, 2019, kona imepigwa, jamaa kapaa juu ya James Milner, kichwa, nyavu hizo, Liverpool 1, Genk yake ya Ubelgiji 1. Wengine wanaianzia Wembley miezi minne baadae. Ni magoli matamu na mpaka leo nikiyaona nasisimka, ila ukitaka kuelewa mtoto wa Mbagala alifikaje kule inabidi urudi mpaka 2011, tena huko unakorudi sio Ulaya kabisa, ni ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kusini mwa Congo, kwenye mji wa machimbo ya shaba ambao wenyeji wake nao wanaongea Kiswahili.

Swali lenyewe hili hapa. Kama kipaji alikuwa nacho tangu ana miaka 18, kwa nini hakuondoka Dar moja kwa moja kwenda Ulaya? Kwa nini akakaa Lubumbashi karibu miaka mitano? Kuna watu wanaona kama alichelewa. Mimi naona ile miaka ndio iliyomtengeneza, na bila hiyo tungekuwa tunamzungumzia leo kama tunavyowazungumzia vijana wengine wengi waliowahi kwenda kufanya majaribio Ulaya wakarudi kimya kimya.

Samatta amezaliwa Desemba 23, 1992, Dar es Salaam, kwenye familia ambayo mpira haukuwa kitu kigeni maana baba yake, mzee Ally, naye aliucheza. Timu iliyomtoa ni Mbagala Market, ile ambayo baadae ilibadilishwa jina ikawa African Lyon. Sasa elewa mazingira ya kipindi kile: straika wa Kitanzania alikuwa anatoka mchangani, anaonwa na timu ya mtaani au ya daraja la chini, akipanda ligi kuu ndoto ni Simba au Yanga, na akishafika Kariakoo, zilipo klabu hizo mbili, basi kwa wengi hapo ndio mwisho wa reli. Mishahara ilikuwa haieleweki, na skauti wa Ulaya kuja kukaa jukwaani Dar ilikuwa nadra mno. Yani hata ungefunga kila wiki, nani angekuona?

2010 akasajiliwa Simba, na kwenye ligi aliichezea nusu msimu tu. Lakini ile nusu ilikutana na bahati moja kubwa, kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika 2011 Simba wakapangwa na TP Mazembe ya Lubumbashi.

Hapa lazima nieleze Mazembe ya wakati ule ilikuwa nini, maana vijana wa sasa wanaweza wasielewe uzito wake. Ile timu ilikuwa imebeba ubingwa wa Afrika 2009, ikaubeba tena 2010, halafu Desemba 2010 ikaenda Kombe la Dunia la Klabu kule Abu Dhabi ikaipiga Internacional ya Brazil 2-0 kwenye nusu fainali na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya mashindano yale, fainali wakafungwa 3-0 na Inter Milan. Kipa wao Robert Kidiaba akawa anashangilia kwa kurukaruka na makalio uwanjani, dunia nzima ikamjua. Nyuma yao yupo Moïse Katumbi, tajiri na gavana wa Katanga enzi hizo, mtu aliyemwaga hela kwenye mpira kwa namna ambayo klabu nyingi za Afrika zilikuwa zinaota tu.

Ndio hao wakakutana na Simba miezi mitatu baada ya kucheza na Inter. Kule Lubumbashi Simba wakafungwa 3-1, Dar wakafungwa 3-2. Simba nje. Lakini Mazembe waliondoka na kitu kichwani, yule kijana mrefu wa Simba mwenye mbio, anayekimbilia nafasi nyuma ya mabeki bila woga. Mwaka huohuo wakamchukua, pamoja na kiungo Mganda wa Simba, Patrick Ochan. (Kwa wanaokumbuka, Mazembe baadae waliondolewa mashindanoni kwa kumchezesha mchezaji asiye halali, Simba wakapewa nafasi ya kucheza na Wydad Casablanca kule Cairo, wakalala 3-0.)

Sasa tuingie kwenye kiini. Kwa nini Mazembe na sio majaribio Ulaya?

Majaribio ni kamari mbaya sana kwa straika. Unapanda ndege unashuka kwenye baridi ambayo hujawahi kuiona, lugha huielewi, wenzako mazoezini wanagombania namba zao kwa hiyo hakuna anayekupasia, una siku chache za kuonyesha kila kitu. Beki anaweza kujulikana ubora wake kwa kusimama vizuri tu, ila straika anategemea mipira ya wengine. Usipofunga, begi. Halafu kuna suala la vibali. Uingereza kwa mfano kwa miaka mingi kibali cha kazi cha mchezaji kilikuwa kinaangalia timu yake ya taifa iko nafasi ya ngapi kwenye viwango vya FIFA na amecheza asilimia ngapi ya mechi zake. Taifa Stars ilikuwa inazunguka zaidi ya nafasi ya 100, kwa hiyo kijana wa Bongo hata awe mkali vipi alikuwa anakutana na mlango umefungwa kabla hajagusa mpira.

Mazembe hawakuhitaji majaribio, walishamuona dakika 180 akicheza dhidi yao wenyewe. Tofauti ni kubwa mno hiyo. Anayekununua baada ya kukuona ukimsumbua beki wake anakuvumilia hata ukikaa mechi tano hujafunga.

Na Lubumbashi ilimpa vitu ambavyo kwa maoni yangu hakuna akademi ingempa kwa umri ule. Alikuta watu kama Trésor Mputu na Mzambia Rainford Kalaba, wachezaji ambao mazoezini tu wanakufundisha. Alikuta uwanja wa klabu yenyewe pale Kamalondo, na utaratibu wa klabu inayojua kila mwaka itacheza mechi kubwa za Afrika. Yaani kila msimu unakwenda Algeria, Misri, Tunisia, Morocco, mashabiki wanawasha moto jukwaani, mabeki wanakuvuta jezi tangu dakika ya kwanza, na bado timu yako inategemea ufunge ugenini. Straika akizoea hayo, uwanja wa Ubelgiji wenye watu elfu ishirini unaompigia kelele haumtishi. Akaikuta na lugha pia, Kiswahili cha Lubumbashi kina ladha yake, kimechanganyika na Kifaransa, ila sokoni na kwenye chumba cha kubadilishia nguo mtu wa Dar hapotei. Halafu akaja Mtanzania mwenzake Thomas Ulimwengu, wakawa wawili. Kwa kijana wa miaka 18 hadi 23 mambo haya ya kuzoea mahali yanaamua sana kama atabaki au atatoroka arudi nyumbani.

Matunda yake yakaonekana 2015. Mazembe wakafika fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya USM Alger. Mechi ya kwanza Algiers wakashinda 2-1, goli moja Kalaba, la pili penati ya Samatta. Marudiano Lubumbashi, bado 0-0, presha iko juu, Mazembe wanapata penati na Samatta anaichukua tena. Anafunga, mwisho 2-0, Mazembe mabingwa kwa mara ya tano. Penati mbili, mechi mbili za fainali, Mtanzania. Nakumbuka jinsi watu walivyokuwa wanashangilia Dar kama Taifa Stars ndio imeshinda. Akamaliza mashindano na mabao 7, mmoja wa vinara wa ufungaji, na Januari 2016 pale Abuja CAF, shirikisho la soka Afrika, wakamtangaza mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, akimpita hata Kidiaba mwenzake wa timu moja. Hakuna mchezaji wa Afrika Mashariki aliyewahi kuichukua ile tuzo kabla yake.

Mwezi huohuo akasaini Genk, akaingia Ulaya kama mchezaji aliyenunuliwa tayari.

Na Genk haikuwa bahati nasibu. Ubelgiji ni mlango unaojulikana, hawana kikomo cha moja kwa moja cha wachezaji wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya kama nchi nyingine, sharti kubwa ni mshahara usishuke chini ya kiwango fulani. Na Genk wenyewe kazi yao ni kukuza na kuuza, De Bruyne na Courtois wametoka pale, Koulibaly na Ndidi wamepita pale. Mji wenyewe ulikuwa wa machimbo ya makaa ya mawe, na klabu imezaliwa 1988 kwa kuunganisha timu mbili za maeneo ya migodi. Kutoka mji wa shaba kwenda mji wa makaa.

Pale akakaa miaka minne. Goti lilimsumbua mwishoni mwa 2017, akarudi akiwa moto, Agosti 2018 akawapiga Brøndby mabao matatu peke yake kwenye Europa League, na msimu wa 2018/19 akafunga magoli 23 ya ligi, Genk wakawa mabingwa wa Ubelgiji, akabeba na Kiatu cha Ebony kinachotolewa kwa mchezaji bora mwenye asili ya Afrika kwenye ligi ile. Akiwa bado na Genk akaiongoza Taifa Stars kama nahodha kwenye AFCON 2019 kule Misri, ya kwanza kwetu tangu 1980. Septemba 2019 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga Ligi ya Mabingwa Ulaya, dhidi ya Salzburg.

Januari 2020 Aston Villa wakamchukua. Goli la kwanza ligi kuu Uingereza dhidi ya Bournemouth, halafu Machi 1 fainali ya Kombe la Carabao pale Wembley, Manchester City wanaongoza 2-0, krosi ya El Ghazi, Samatta anaitupia kichwa cha kuruka. Villa wakafungwa 2-1. Baada ya hapo korona ikasimamisha mpira na mambo yakagoma, akaishia na lile goli moja tu la ligi, ikaja Fenerbahçe, mikopo Antwerp na Genk tena, PAOK ambako akabeba ubingwa wa Ugiriki 2024, na 2025 akahamia Le Havre ya Ufaransa. Sioni aibu yoyote hapo, straika aliyedumu Ulaya karibu miaka kumi hajashindwa.

Njia ile bado ipo? Simon Msuva alifanya kitu kinachofanana, alitoka Yanga 2017 akapitia Morocco. Ila sasa hivi kuna jambo limegeuka na linanifurahisha na kuniumiza kwa pamoja. Simba na Yanga zimekuwa na hela, Yanga wamecheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, Simba 2025, na mastraika wa Congo ndio wanaokuja Dar. Fiston Mayele alitoka AS Vita akaja Yanga, akawa tishio, 2023 Pyramids ya Misri wakamnunua na 2025 akafunga kwenye fainali akabeba Ligi ya Mabingwa Afrika. Ni njia ya Samatta kabisa, ila imepita kwetu ikiwa imebeba Mkongo. Kijana wa Mbagala leo anacheza straika Simba au Yanga, mbele yake kuna wageni watatu wa kimataifa, na benchi halimuonyeshi mtu kwa skauti yeyote. Kwangu mimi anachohitaji ni klabu ya nje, hata kama ni Lubumbashi, Ndola ya Zambia au Agadir ya Morocco, itakayompa mechi tatu mfululizo hata kama ya kwanza amekosa magoli mawili ya wazi.