Tebo kwa michoro: yanayosemwa na yaliyo kweli

“Michoro ni ya watoto wazito, mwenye akili anakariri tu.”
Hii ndiyo iliyoharibu zaidi. Aliyekariri tu akisahau 7 × 8 hana pa kushika: ataimba upya tangu 7 × 1, au atabahatisha 54. Aliyezoea mchoro anaona mistari 7, kila mmoja una visanduku 8. Anaukata wima baada ya kisanduku cha 5. Kushoto 7 × 5, yaani 35. Kulia 7 × 3, yaani 21. Jumla 56, na hakuna aliyemnong’oneza. Baadaye akipewa 12 × 13, atachora mstatili na kuukata vipande vinne: 100, 30, 20 na 6.

“Basi kukariri hakuna haja.”
Hapa sisi wapenzi wa michoro huwa tunapitiliza. Anayedonoa kisanduku kimoja kimoja kwa kidole bado anahesabu, hajazidisha. Jibu lazima siku moja limtoke bila kufikiri, la sivyo kugawanya na sehemu vitamtoa jasho.

“Tebo ni majibu 100 ya kumeza.”
Kuanzia 1 × 1 hadi 10 × 10 ni 100, sawa. Lakini chora mistari 3 ya visanduku 4, kisha geuza karatasi ubavu: mistari 4 ya visanduku 3. Hakuna kilichoongezeka. Ukiwahesabu mapacha hao mara moja tu, yanabaki 55. Toa tebo ya 1 na ya 10, ambazo hazimsumbui mtu, unabakiwa na 36.

“Ile mistari inayokatizana inafundisha tebo.”
Ni ile njia ya kuchora mistari kwa kila tarakimu ya namba moja, kuikatiza kwa mistari ya namba ya pili, kisha kuhesabu makutano. Kwa 21 × 13 inapendeza. Kwa 7 × 8 mtoto anahesabu makutano 56. Kila la heri.

“Mchoro ni visanduku tu.”
Chora duara, panga 0 hadi 9 ukingoni, halafu anzia 0 na uunganishe tarakimu za mwisho za majibu. Tebo ya 4 inapita 4, 8, 2, 6 na kurudi 0: nyota ya pembe tano. Ya 6 inapita 6, 2, 8, 4, 0: nyota ileile, ila kalamu imekwenda kinyumenyume. Ya 3 nayo ina pacha wake. Usimtajie mtoto, mwache amtafute.