Likizo ya Nyumbani Si Kubaki Nyumbani: Dhana Potofu Tulizo Nazo Watu wa Kusini

Kila msimu wa korosho unapokaribia kwisha, malipo ya minada yakishaingia kwenye akaunti za wakulima, mazungumzo ya barazani hapa Mtwara huelekea kwenye safari. Mwenye duka la vitenge anataka kuwapeleka watoto Dubai, mwalimu anaulizia nauli ya Nairobi, na yule ambaye mizani haikumwendea vizuri anasema atabaki nyumbani, kwa sauti ya mtu anayetangaza adhabu. Sina ugomvi na anayesafiri nje ya nchi, kwani mimi mwenyewe nina pasipoti na nimeitumia. Ninachokihoji ni sababu zinazotolewa pale familia inapochagua kati ya nje na nyumbani, maana nyingi zimerithiwa bila kuchunguzwa, na baadhi zinawadanganya hata wale wanaoipenda likizo ya nyumbani.

"Usipotoka nje ya nchi, hujaenda likizo"

Dhana hii ina chimbuko lake. Wengi wetu tunaifahamu likizo ya nyumbani kwa sura moja tu: kupanda basi kwenda Newala, Tandahimba au Nachingwea kwa wazazi, kukaa wiki mbili, kisha kurudi kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka, lakini kwa watu wengi ninaowafahamu siku hizo hugawanywa kati ya msiba, harusi, jando la mtoto wa ndugu na palizi ya shamba la mikorosho. Mtu aliyeishi hivyo miaka kumi ana haki ya kuamini kwamba mapumziko yapo ng'ambo.

Mwaka mmoja tulipotoka kwa mama yangu Newala, nilimwuliza mke wangu kama amepumzika. Hakunijibu kwa maneno. Alinionyesha viganja vyake, kwa kuwa kwa siku kumi na moja alikuwa ameteka maji, ametwanga, na kusonga ugali wa muhogo wa watu kumi na wanne, huku mimi nikikaa chini ya mwembe na kaka zangu tukizungumzia bei ya salfa ya kupulizia mikorosho. Kuwazuru wazazi ni wajibu na ni baraka, ila kwa mama wa familia mara nyingi ni kuhamisha jiko kutoka mji mmoja kwenda mwingine. Likizo ya nyumbani inayostahili jina hilo ni ile ambayo ina tarehe yake, fedha yake na mahali pake, na ambayo kila mmoja, tukianza na mpishi, amepumzishwa kazi anayoifanya siku zote. Safari ya Dubai humpa mama nafasi hiyo kwa sababu tu hotelini hakuna kinu, na jambo hilohilo linawezekana Kilwa Masoko.

"Kusini hakuna cha kuona"

Hii huniudhi kuliko zote, na huwa naisikia zaidi kwa waliozaliwa hapa.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, katika Mkoa wa Lindi, yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na baada ya kazi kubwa ya ukarabati yakaondolewa humo mwaka 2014. Kilwa ndiyo iliyotawala biashara ya dhahabu ya Sofala, bandari iliyo Msumbiji ya leo, ikafua sarafu zake yenyewe, na mwaka 1331 ikampokea Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, ambaye aliisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri aliyoiona. Sultani wa wakati huo, al-Hasan bin Sulaiman, ndiye anayetajwa kuwa mjenzi wa Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya 100 lililo ukingoni mwa bahari, lenye birika la pembe nane ambalo hata leo mtoto anaweza kulizunguka na kuzihesabu pembe zake mwenyewe. Wa kwangu alihesabu saba, akarudia, akapata tisa, na hatukuondoka hadi alipozipata nane.

Hapohapo Kilwa Kisiwani ipo ngome iitwayo Gereza, ambayo asili yake ni Wareno waliouteka mji mwaka 1505, nayo ikajengwa upya wakati wa Waomani. Neno lenyewe linaaminika kutokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Nilipowaeleza watoto kwamba jela ilipata jina kutoka kwenye nyumba ya ibada, walicheka njia nzima, na sidhani kama somo hilo wangelikumbuka darasani.

Kisha kuna Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huko mifupa ya dinosaria, nayo ikabebwa vichwani na mabegani na wapagazi wa kwetu kwa mwendo wa siku nne hadi bandari ya Lindi. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, jina ambalo lingepaswa kufahamika na kila mtoto wa shule mkoani humo. Mmoja wa wanyama hao sasa amesimama katika jumba la makumbusho la Berlin akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13, na watu hukata tiketi za ndege kwenda kumtazama. Nakiri kwamba anayekwenda Tendaguru yenyewe hukuta pori, hivyo simshauri mwenye watoto wadogo kuipanga kama matembezi ya siku nzima. Lakini kusimama ufukweni Lindi na kuwasimulia mzigo uliopitia hapo hakuhitaji hata senti.

Mikindani sitaieleza kwa kirefu, kwa kuwa ipo mwendo wa daladala tu kutoka Mtwara mjini na wengi tunapita tukiwa tumesinzia: mji mkongwe wa nyumba za mawe, boma la Wajerumani la mwaka 1895, na ghuba ambako Livingstone alishukia mwaka 1866 alipoanza safari ambayo hakurudi akiwa hai. Upande wa kusini mwa mji wa Mtwara kuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, ambako kati ya Julai na Novemba nyangumi hupita na watoto wao.

"Nyumbani ni rahisi, kwa hiyo hakuhitaji mpango"

Dhana hii ni ya upande wa pili, ya sisi tunaoitetea likizo ya nyumbani, na imewaharibia watu likizo nyingi kuliko ukosefu wa fedha.

Ni kweli kwamba gharama za nje huanza kabla mtu hajafunga begi. Pasipoti ya kielektroniki, iliyoanza kutolewa mwaka 2018, hulipiwa shilingi 150,000, kwa hiyo familia ya watu sita isiyo na pasipoti hutoa shilingi 900,000 kabla ya kuulizia nauli. Kwa Dubai kuna viza. Kwa Nairobi haipo, ila kutoka Mtwara ni lazima kwanza ufike Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 500, nawe bado hujavuka mpaka wowote. Hata hivyo, anayedhani kwamba kubaki nchini ni bure atashangaa. Boti ya injini ya kwenda Songo Mnara hukodiwa yote, haiuzwi kwa kichwa. Gari la kupita mchanga wa Msimbati, ufukwe ulio katika hifadhi ile ya Ghuba ya Mnazi, halikodiwi kwa bei ya bajaji. Na familia kubwa hulipia vyumba viwili, wakati mwingine vitatu. Ikitokea kwamba fedha hizo zingetosha wiki moja Mombasa, familia ichague kwa kupenda, isijifanye imeokoa.

Sisi tulilipa ada ya somo hili huko Msimbati. Tulikodi gari dogo la mtu kwa kuwa lilikuwa la bei ya chini, dereva akatuhakikishia kwamba njia anaijua, na saa sita mchana tulikuwa tumezama mchangani hadi ekseli, tukikata matawi ya kuweka chini ya matairi huku mtungi wa maji ya kunywa ukiwa umeisha. Vijana wa kijijini ndio waliotutoa, nao wakakataa malipo. Njia ile ni ya gari lenye nguvu ya magurudumu manne, na jambo hilo tungeliambiwa na mtu yeyote laiti tungeuliza.

"Bahari ni ileile wakati wote"

Mtu anayekwenda nje huuliza hali ya hewa ya huko. Wa nyumbani haulizi kwa kuwa anajiona mwenyeji. Mikoa yetu ina masika moja ndefu, kwa kawaida kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, hivyo likizo ya shule ya Desemba huweza kukutana na mvua, ilhali ile ya Juni huangukia kiangazi chenye ubaridi mzuri. Lakini Juni ni wakati wa kusi, upepo ambao huzidi kadiri jua linavyopanda, na ndiyo maana manahodha wa Kilwa Masoko hupendelea kuvusha watu asubuhi mapema, watoto wakiwa wamevaa maboya.

Maji nayo yana ratiba. Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu au umeandama, maji hupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Anayewapeleka watoto kuogelea Shangani, ufukwe wa Mtwara mjini, asubuhi ya siku hizo atakuta mwamba, majani ya bahari na wanawake wanaookota kombe, na atarudi akisema pwani yetu mbovu. Wakati wa maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka, asubuhi bahari ikawa imejaa. Mvuvi yeyote atakueleza haya kwa nusu dakika. Chandarua kibebwe hata kama nyumba ya wageni inacho, kwa kuwa malaria ya huku haijui kwamba mtu yuko likizo.

"Hifadhi na hoteli ni za wazungu"

Katika hifadhi za taifa raia hulipa kiingilio kwa shilingi, tena sehemu ndogo tu ya anacholipa mgeni, na watoto walio chini ya miaka mitano hawalipi. Kinachobaki ni aibu ya kuingia mahali na kuulizwa kama umepotea, aibu ambayo nimewahi kuipata na ambayo ilikwisha nilipotaja jina la chumba nilichokilipia.

"Barabara ya Kusini haipitiki"

Wanaosema hivi wanakumbuka foleni ya kivuko cha Rufiji, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Barabara hukatika bado, kama ilivyotokea Mei 2024 mvua zilizofuatana na kimbunga Hidaya zilipobomoa madaraja upande wa Kilwa, kwa hiyo wakati wa masika ulizia kwanza. Miezi mingine ni lami.

"Mtoto hapanuki mawazo bila kuona nchi ya watu"

Karibu na mji wa Newala, ambapo uwanda wa Makonde unakatika ghafla, kuna mahali paitwapo Shimo la Mungu. Ardhi inaanguka chini mbele ya miguu, na mbali kule linaonekana bonde la Ruvuma, na ng'ambo ya bonde vilima vya buluu. Tulifika hapo mwaka uliofuata ule wa viganja, safari hii tukilala nyumba ya wageni na kwenda kwa mama mchana tu, tukiwa na wali wetu uliokwisha pikwa. Binti yetu mdogo, ambaye alikuwa amelalamika wiki nzima kwamba rafiki yake amepelekwa nje, aliuliza vilima vile ni vya wapi. Nikamwambia ni Msumbiji, na kwamba huko pia wapo Wamakonde wanaozungumza kama bibi yake.

Alitazama kwa muda, kisha akauliza kama na wao, wakisimama kule, wanatuona sisi kuwa ndio nje.