Benki Ni Imara, Je, Hisa Yake Inafaa kwa Bei ya Leo?

Wengi wanaotuuliza kuhusu hisa za benki zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Uganda huanza na jina: benki hii ni kongwe, ina matawi mengi, je, ninunue? Uimara wa benki ni jambo moja, na ubora wa hisa yake kwa bei ya leo ni jambo lingine, kwa kuwa sifa inayojulikana na kila mtu huwa imekwisha kuingia ndani ya bei.

Udogo wa bei nao usimdanganye mnunuzi. Benki ya Stanbic, iliyoingia sokoni mwaka 2007, ina hisa zaidi ya bilioni 51, na ndiyo maana hisa moja huuzwa kwa makumi ya shilingi tu. Unafuu hupimwa kwa kulinganisha bei na faida pamoja na gawio, yaani sehemu ya faida wanayolipwa wanahisa. Tuseme hisa ya shilingi 60 inaleta faida ya shilingi 10 kwa mwaka, na kampuni inagawa 6. Baada ya kodi ya zuio ya asilimia 10, inayokatwa kabla gawio halijamfikia, mwanahisa hubaki na shilingi 5.40, yaani asilimia 9 ya alicholipa; hapo aulize hati fungani ya serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, inampa kiasi gani.

Faida yenyewe ichunguzwe ilikotoka. Mwaka 2017 faida ya benki ya dfcu ilipaa baada ya kuchukua mali na madeni ya Crane Bank, benki iliyokuwa imeanguka, lakini sehemu kubwa ilitokana na ununuzi huo, jambo lisilojirudia kila mwaka. Soma hesabu zilizokaguliwa za miaka 5 hivi, ukitazama hasa mikopo chechefu, yaani ile ambayo wakopaji hawailipi inavyopaswa, maana mikopo hiyo ikiongezeka, fedha zinazotengwa kuifidia humeza gawio kabla halijatangazwa.

Tena, mwenye amana na mwenye hisa hawako katika hali moja. Mfuko wa Kulinda Amana humlipa mteja hadi shilingi milioni 10 benki inapofungwa; mwanahisa hulipwa mwisho, kama kitu kimebaki.

Soko letu pia lina wanunuzi wachache (hili madalali hawalisemi sana), hivyo anayetaka kuuza hisa nyingi kwa haraka huenda akasubiri siku kadhaa, au akakubali bei ya chini. Ada ya shule ya muhula ujao haifai kuwekwa huko.