Miguu inayorushwa usingizini: ulizia akiba ya chuma kwanza

Mara nyingi anayelalamika si mwenye miguu, ni mke wake. "Daktari, huyu baba ananipiga mateke usiku kucha." Mume hapo pembeni anashangaa, yeye anajua alilala vizuri, ila mchana anasinzia kwenye daladala mpaka anapitishwa kituo. Kwa hiyo maswali yangu ya mwanzo namuuliza mama, na kama ana simu yenye kamera namwomba arekodi. Vipimo vya kulala maabara usiku kucha kwetu ni vya kuhesabu, na bei yake inatisha.

Video hiyo inasaidia sana kutenganisha mambo. Kustuka mara moja tu usingizi unapokuchukua, kama unayetumbukia shimoni, si ugonjwa. Msuli kukaza kwa maumivu hadi unaamka umeushika ni jambo jingine. Mtu mzima, hasa mzee, anayepiga ngumi na kupiga kelele akiigiza anachoota, mara nyingi kuelekea alfajiri, simwachii hivi hivi: hali hiyo inaweza kuutangulia kwa miaka mingi ugonjwa wa Parkinson, ule wa ubongo unaoleta kutetemeka. Anayekakamaa, akang'ata ulimi, akajikojolea na kuamka amechanganyikiwa, tunamchunguza kifafa.

Ninayemzungumzia leo ni tofauti na hao wote. Kidole gumba cha mguu kinanyanyuka, kifundo kinajikunja, pengine goti na nyonga vinafuata, kisha mguu unatulia. Zinapita sekunde 20 au 40, unarudia vilevile. Ukihesabu utaona mpangilio, tena zaidi katika nusu ya kwanza ya usiku. Kwa mtu mzima, ikizidi mara 15 kwa saa na usingizi ukaharibika bila sababu nyingine, tunauita ugonjwa. Kwa mtoto ni zaidi ya mara 5. Mikono nayo huweza kucheza, lakini si sana.

Baadhi yao, ukiwabana kwa maswali, wana tatizo hata wakiwa macho: jioni wakikaa wanahisi kama wadudu wanatembea ndani ya miguu, na nafuu ni kuinuka na kutembea. Daktari Mwingereza Thomas Willis aliandika habari za miguu hii isiyotulia mwaka 1672, kwa hiyo si ugonjwa wa maisha ya kisasa. Anayesema nyayo zinawaka moto na kutembea hakumsaidii, huyo nampima sukari.

Chanzo ninachokitafuta kabla ya vingine ni upungufu wa madini ya chuma. Ubongo unahitaji chuma kutengeneza dopamini, kemikali inayoratibu mijongeo ya mwili. Na hapa ndipo watu wengi wanapopotea: wanapimwa wingi wa damu, wanaambiwa "damu yako iko vizuri", wanaenda nyumbani. Wingi wa damu ni unga ulioko jikoni. Kipimo cha feritini ndicho kinachoonyesha ghala, yaani akiba ya chuma mwilini. Unaweza kupika ugali leo na ghala likawa tupu. Majibu ya feritini ya 30 maabara huenda ikayaandika kuwa ya kawaida, lakini kwa miguu hii, ikiwa 75 au chini tunafikiria kumpa mtu mzima chuma. Usiipime ukiwa na homa au maambukizi, maana hupanda kwa uongo.

Halafu uliza chuma kimeenda wapi. Hedhi nzito, mimba za kufuatana, minyoo ya safura, kuchangia damu mara kwa mara. Mwanaume mzee asiye na chuma nataka kwanza nijue kama hatoki damu tumboni.

Dawa nazo zina lawama. Amitriptilini na fluoksetini za sonona, metoklopramidi ya kutuliza kichefuchefu, na hata Piriton ambayo watu wanaimeza ili walale! Wanalala, miguu inazidi. Za sonona usiziache mwenyewe, mwambie aliyekuandikia. Figo zilizochoka huleta tatizo hili, na ujauzito pia, hasa miezi mitatu ya mwisho, ila wengi hupona baada ya kujifungua. Kama mtu anakoroma, pumzi inakatika, kisha anarusha mguu pumzi inaporudi, shughulikieni pumzi kwanza.

Chuma cha vidonge kinywewe asubuhi tumbo likiwa tupu, na siku moja moja kwa kupishana kinafyonzwa vizuri kuliko kila siku. Chai ya rangi au ya maziwa isubiri saa moja au mbili. Mwenye selimundu aliyeongezewa damu mara nyingi asijinunulie vidonge hivyo dukani: huenda mwili wake umeshajaa chuma, na kikizidi kinaharibu ini na moyo.