Kalibresheni haitengenezi mita

"Mita hii inadanganya, ipelekeni ikafanyiwe kalibresheni." Kauli hii utaikuta karakana yoyote, na anayeitoa anamaanisha matengenezo.

Kalibresheni ni kulinganisha. Kifaa kinapewa kiasi kinachojulikana kwa uhakika zaidi yake, kinachosomeka kinaandikwa, na tofauti inaandikwa pamoja na shaka iliyobaki katika upimaji wenyewe. Basi. Bisibisi haijaguswa.

Tuseme maabara imetoa volti 10.0000 na multimita yako, yaani mita ya kupimia umeme, ikasoma 10.006. Cheti kitasema kosa ni +0.006. Mita ikirudi kwako itasoma 10.006 vilevile, na kalibresheni imefanyika vizuri kabisa. Kama kitabu chake kinaruhusu kosa lisilozidi 0.005, basi imefeli, tena ikiwa na cheti halali mkononi. Stika ya mgongoni inakwambia ilipimwa lini. Uzima wake usome kwenye cheti.

Kurekebisha ni kazi nyingine, na ikishafanyika lazima mita ipimwe upya. Ndiyo maana cheti cha mita iliyorekebishwa kinatakiwa kiwe na safu mbili za majibu: ilivyokutwa na ilivyoachwa. Wengi hukimbilia ya pili. Mimi naanza na ya kwanza, maana hiyo ndiyo inayoeleza kazi zote za tangu kalibresheni iliyopita zilipimwa na kifaa cha namna gani. Fundi anayerekebisha kabla ya kuandika amefuta ushahidi, hata kama nia yake ilikuwa njema.

Halafu kuna watu wa oskiloskopu, ile mashine inayochora mawimbi ya umeme kwenye skrini. Prob, yaani waya wake wa kupimia, inashikizwa kwenye kile kijino cha mbele kinachotoa wimbi la mraba, kwa kawaida la 1 kHz, kiskrubu kinazungushwa taratibu mpaka pembe zilizolegea au kuchongoka zikae sawa, kisha mtu anatangaza amekalibreti mashine. Alichofanya ni kuioanisha prob na chaneli aliyoichomeka. Ni jambo la lazima, lakini wimbi lile lenyewe nani amelipima?

Na huo "mwaka mmoja" unaotajwa kama amri? Mara nyingi umetoka kwa watengenezaji, ambao usahihi wanaoutangaza huwa ni wa mwaka 1. Kiwango cha ISO/IEC 17025 cha 2017, ambacho ni cha kimataifa kwa maabara za upimaji na kalibresheni, kinaizuia maabara kupendekeza kwenye cheti muda wa kupima tena, isipokuwa kama imekubaliana na mteja. Muda unaupanga wewe mwenye kifaa, kwa kuangalia vyeti vya nyuma. Mita ya mezani ambayo haijasogea miaka yote inaweza kusubiri zaidi. Inayorushwa nyuma ya pikapu kila asubuhi isisubiri.

Kwa hiyo ukiipeleka TBS, KEBS au maabara yoyote ile, taja unachotaka: ipimwe, na ikiwa imetoka nje ya mipaka, irekebishwe kisha ipimwe tena. Usipotaja, usishangae kurudishiwa mita ileile na cheti kipya.