Gego la Miaka Sita Lililoota na Doa: Maswali na Majibu

Mtoto ana miaka saba. Gego lake la nyuma lina doa la kahawia na pembe imemeguka. Si ni jino la utotoni, litang'oka lenyewe?

La, na dhana hiyo ndiyo inayoharibu magego mengi kabla hayajafika kwa daktari. Gego la kwanza la ukubwani huota kwenye umri wa miaka sita hivi, mtoto akiwa PP2 (mwaka wa mwisho wa chekechea) au gredi ya kwanza. Huota nyuma ya meno yote ya utotoni bila kungoja jino lolote litoke. Hakuna pengo, hakuna damu, hakuna jino la kurushwa juu ya paa, basi mzazi hana habari.

Hesabu mwenyewe. Anzia katikati ya kinywa, kwenye jino la mbele kabisa, uende nyuma. Meno ya utotoni ni matano kila upande. La sita ni la ukubwani na halina mbadala.

Ni peremende zimelioza?

Peremende huongeza uharibifu, lakini doa hili lilikuwepo kabla jino halijachomoza. Enameli, lile gamba gumu la nje, hutengenezwa ndani ya taya kuanzia karibu na kuzaliwa hadi miaka mitatu hivi. Kazi hiyo ikivurugika, jino hutoka na unene wake wote lakini bila madini ya kutosha. Ni kama tofali lililofyatuliwa kwa saruji pungufu: umbo ni lile lile, ila ukilikwaruza linatoka unga. Kwenye kadi daktari huandika MIH, yaani magego ya kwanza na meno ya mbele ya ukubwani yaliyopungukiwa na madini.

Chanzo kimoja hakijapatikana. Homa kali na maradhi ya mara kwa mara katika miaka mitatu ya mwanzo, matatizo wakati wa kuzaliwa na urithi vyote vimehusishwa nayo. Antibayotiki pia hutajwa, lakini ni vigumu kuitenga na ugonjwa uliofanya mtoto apewe dawa hiyo. Mama asijilaumu, na daktari asimlaumu.

Nitajuaje kuwa si madoa ya maji yenye floraidi nyingi?

Madoa ya floraidi, yanayojulikana sana kwa waliokulia kwenye visima vya Bonde la Ufa, huja kwa jozi: jino la kulia likiwa nayo, mwenzake wa kushoto huwa nayo, na mpaka wake haueleweki. Doa la MIH lina mpaka unaoonekana wazi, na gego moja huweza kuwa bovu huku la upande wa pili likiwa zima.

Daktari husafisha jino, halafu hulitazama likiwa na unyevu. Likikaushwa mno, hata enameli nzima huonekana nyeupe. Alama isiyozidi milimita 1 haihesabiwi. Rangi nayo husema mengi: nyeupe ya maziwa mara nyingi huvumilia, ila ya manjano na kahawia ni laini na humeguka. Eksirei huonyesha uharibifu umekaribia kiini cha jino, penye neva, kiasi gani.

Mbona alidungwa sindano ya ganzi na bado akalia?

Kiswahili kinaita ganzi mambo mawili: dawa inayoua maumivu, na ule mshtuko wa meno baada ya kula ukwaju. Gego hili lina ya pili tele, na ndiyo maana ya kwanza haishiki. Enameli yenye vitundu hupitisha baridi, tindikali na vijidudu, kiini cha jino kikawa na uvimbe wa siku nyingi, na neva zake zikawa kali mno. Mtoto hadanganyi.

Mwambie daktari mapema. Anaweza kuagiza dawa ya maumivu saa moja kabla, kwa mfano paracetamol miligramu 15 kwa kila kilo ya uzani, kisha adunge zaidi ya sehemu moja na angoje. Kumshika mtoto kwa nguvu ili kazi iishe humfanya akimbie kiti hicho miaka mingi.

Litatibiwa vipi?

Likiwa zima lakini linashtuka, hupakwa vanishi ya floraidi yenye ppm (sehemu kwa milioni) 22,600 kila miezi mitatu. Siku hiyo ale vyakula laini, na mswaki ungoje hadi kesho yake.

Likiwa limechomoza nusu, mifereji yake huzibwa kwa saruji ya glasi ayonoma, inayovumilia mate. Ni kinga ya muda, na hutoka. Plastiki ya kuziba huhitaji ukavu na enameli ngumu, na hapa vyote viwili ni haba. Ikibandikwa juu ya enameli laini, ukingo wake humeguka na kuoza kunaanzia hapo. Gego lililozibwa mara tatu kwa mwaka limezibwa kwa njia isiyolifaa.

Lililomeguka pembe, sisi tunapendelea kofia ya chuma cha pua. Vipira huwekwa kati ya meno siku tatu hadi tano kupanua nafasi, kisha kofia hubandikwa, mara nyingine bila kuchonga chochote. Mtoto atasema meno hayakutani. Hali hiyo hutulia ndani ya wiki chache. Hung'aa, ndiyo, lakini ni nyuma, na huweza kukaa hadi ukubwani.

Ipo pia dawa ya fedha na floraidi ya asilimia 38. Hutuliza mshtuko, lakini sehemu laini hugeuka nyeusi kabisa, na mzazi aambiwe kabla.

Na kung'oa?

Likiwa limekwisha, kung'oa si kushindwa, mradi wakati uwe wake. Kwa kawaida ni kati ya miaka minane na kumi, eksirei ya taya zima ikionyesha mizizi ya gego la pili la ukubwani ndiyo kwanza inaanza kugawanyika. Hapo gego la pili husogea mbele na kuziba pengo. Ukichelewa, hasa taya la chini, hulala upande na kuacha nafasi inayonasa chakula.

Nyumbani tufanye nini?

Dawa ya meno ya floraidi ppm 1,450 kuanzia miaka sita, kiasi cha punje ya njegere, mara mbili kwa siku, ateme, asisukutue. Maji ya kupigia mswaki yawe vuguvugu. Gego linalochomoza liko chini kuliko mwenzake, hivyo uingize mswaki kutoka kwenye shavu, ukikingama. Mswaki wa mti haufiki pale na hauna floraidi. Mabuyu, achari na barafu za ukwaju zipungue. Krisps za mhogo zisimwagiwe ndimu nyingi. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa huunguza fizi, na aspirini haiwekwi kwenye jino wala hapewi mtoto.

Mdogo wake ana miaka mitano. Nimtazame nini?

Jino la tano, gego la mwisho la utotoni. Likiwa na doa lenye mpaka, la sita huenda likaja hivyo hivyo. Mulika kwa tochi ya simu kila mwezi, na ufizi ukipasuka nyuma ya hilo la tano, mpeleke wiki hiyo hiyo.